Fundi anasema mabomba yote ni chuma: je, nyumba yetu ya zamani Moshi haina madini ya risasi?

Swali la msomaji: "Tumepanga nyumba ya zamani Moshi mjini, si mbali na stesheni ya reli. Majirani wanasema ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi kabla ya Uhuru. Tunataka kuifanya kituo cha kulelea watoto wadogo. Kaka yangu anayeishi Uingereza ananiambia nyumba za umri huo huwa na mabomba ya maji ya madini ya risasi, na kwamba yanaharibu akili za watoto. Fundi bomba wetu amecheka, anasema yote ni chuma. Nimwamini nani? Nitahakikishaje? Na tukichemsha maji, haitoshi? Mwakani tunafikiria tawi jingine Usa River."

Dada, kaka yako hajakosea na fundi wako hajadanganya; kila mmoja anasema ya mahali alipo. Uingereza, nyumba iliyojengwa kabla ya 1970 hushukiwa kuwa bomba linaloingiza maji kutoka barabarani ni la risasi, mpaka ikaguliwe. Marekani waliyapiga marufuku mabomba hayo mwaka 1986, na hadi mwaka huo jiji la Chicago lilikuwa bado linayalazimisha kisheria kwa nyumba za kawaida. Kwa hiyo hofu ya kaka yako ina msingi. Lakini nyumba za wafanyabiashara za Moshi na Arusha, kwa jinsi ninavyozijua mimi, ukichimbua ukuta unakutana na chuma kilichochovywa zinki, haya mabomba ambayo mafundi wanayaita GI. Ningeshangaa kukuta bomba la risasi la mita ishirini chini ya uwanja wenu. Nisingeshangaa hata kidogo kukuta risasi.

Risasi haikuja nchini kwa umbo la bomba peke yake. Mabomba makubwa ya chuma cha kusubu yaliungwa kwa kushindilia katani kwenye maungio, kisha ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Nyuzi za GI, ile mistari ya kufungia kwenye ncha za bomba, zilizungushiwa katani iliyopakwa rangi nzito nyekundu, na wekundu ule ulikuwa oksidi ya risasi. Mabomba ya shaba yalilehemiwa kwa bati na risasi, mara nyingi nusu kwa nusu. Waingereza wenyewe hawakukataza lehemu hiyo kwenye maji ya kunywa hadi 1987. Koki na valvu za brasi hutiwa risasi kiasi ili zikerezeke vizuri kiwandani, na hili si la zamani tu, hata koki ya bei nafuu uliyonunua jana inaweza kuwa nayo. Zinki ya GI za zamani nayo haikuwa safi, ilibeba risasi kidogo.

Halafu kuna historia ya nyumba zenyewe. Reli ya Wajerumani ilifika Moshi mwaka 1911, mji ukakua kuizunguka stesheni, na baadaye yakaja maduka yenye makazi nyuma au juu yake. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo iliyachukua yale ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Sijui kama yenu ni mojawapo, na kwa bomba si muhimu sana. Muhimu ni kwamba nyumba iliyokaa na wapangaji wengi kwa miaka mingi imekaa pia na mafundi wengi, na kila fundi alikata palipovuja akaunga alichokipata dukani siku hiyo. Nyumba moja inaweza kuwa na GI ya mkoloni, kipande cha shaba, plastiki ya PVC ya kijivu na plastiki ya PPR ya juzi, vyote kwenye mstari mmoja. Anayesema "yote ni chuma" ameona kile kinachopita nje ya ukuta.

Usidharau vipande kwa sababu ni vidogo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita moja ya maji, na linasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Piga hesabu: gramu moja ya risasi, ikiyeyuka yote, inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho. Hayo ni matanki ishirini ya lita 5,000. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile, nayo huenda kwenye ubongo unaokua na kujihifadhi kwenye mifupa. Mama mjamzito huitoa kwenye mifupa yake mwenyewe na kumpa aliye tumboni. Hakuna homa wala kuhara kwa kumwonya mzazi, maji hayabadiliki rangi, ladha wala harufu. Ndiyo maana naona umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufungua.

Anzia kwenye mita ya maji na ufuate maji hadi kwenye kikombe cha mtoto. Nenda na tochi, sumaku (ya spika mbovu inatosha), sarafu na kalamu ya kuandikia utakachokiona. Kila bomba linapojitokeza, kabla na baada ya mita, linapoingia ukutani, chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye mnara wa tanki, fanya jaribio lilelile. Gusisha sumaku. Ikinata, ni chuma, na GI nyingi utazikamata hapo. Isiponata, kwaruza kidogo kwa ukingo wa sarafu mahali pakavu. Ukiona rangi nyekundu ya shaba, ni shaba. Tafuta maungio yake uone kama yana lehemu ya kijivu. Ukiona plastiki, utaijua bila kuambiwa. Ukiona mng'ao wa fedha, laini, na sarafu imezama kwa urahisi kama umekwaruza kitu kisicho na ubishi, hiyo ni risasi. Bomba la risasi lina alama nyingine pia: ukiligonga halilii, linatoa mlio mzito uliokufa, halina elbo, fundi wa zamani alilipinda kwa mkono, na mahali lilipoungwa pana uvimbe laini wa mviringo, kama nyoka aliyemeza yai.

Tahadhari mbili. Zinki nayo ikikwaruzwa hung'aa, ndiyo maana sumaku hutangulia sarafu. Na rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya bomba mara nyingi ni ya umri wa nyumba na huenda nayo ina risasi, kwa hiyo kwaruza padogo, futa kwa kitambaa chenye maji, nawa mikono, na mtoto asiwepo karibu. Usimruhusu fundi akate kwa msumeno ili "tuone ndani". Vumbi lake ni baya kuliko bomba lenyewe.

Sehemu ninayoipa uzito zaidi ni ile ambayo huwezi kuiona: ndani ya ukuta na chini ya sakafu. Hapo sumaku haifiki, inabidi maji yenyewe yaseme. Na maji husema kweli tu yakichukuliwa sawasawa. Nimeshaona watu wakifungua koki asubuhi, wakaacha maji yatiririke "yasafike", kisha wakajaza chupa na kuipeleka maabara. Majibu yakarudi safi, wakafurahi. Walichopima ni maji ya mtaani, si ya nyumba yao. Risasi huingia majini wakati maji yamelala ndani ya bomba. Kwa hiyo yaache yalale usiku kucha, muda usiopungua saa sita bila mtu kufungua koki yoyote wala kuvuta choo, na sampuli ya kwanza iwe tone la kwanza kabisa linalotoka.

Bomba la nusu inchi hubeba takriban lita 0.2 kwa kila mita. Maana yake lita moja ya kwanza ni maji ya koki na mita kama tano zilizo nyuma yake. Kama kutoka jikoni hadi kwenye mita ni mita ishirini, maji yaliyolala karibu na mita yatatoka kwenye lita ya nne. Basi chukua hivi: chupa ndogo ya robo lita kwanza, hiyo ni ya koki, bila kufunga, jaza lita moja, ni ya bomba la ndani ya nyumba, halafu lita ya nne au ya tano, kulingana na umbali wenu, ni ya bomba la uwanjani, mwisho acha maji yaende dakika tano na uchukue nyingine, hiyo ni ya mtaa. Andika namba kwenye chupa kabla, si baada. Saa kumi na mbili asubuhi mtu husahau. Usifungue kichujio kidogo cha mdomo wa koki ili kukisafisha kwanza, kwa sababu punje za risasi hunasa humo na watoto wako watakunywa zikiwa humo.

Mkiwa na tanki juu ya mnara, kama nyumba nyingi za Moshi, jua kwanza koki ipi inapokea maji ya tanki na ipi inapokea moja kwa moja kutoka mtaani. Funga koki kubwa ya mita kwa dakika chache: zinazoendelea kutoa maji ni za tanki. Kwa koki ya tanki, hesabu umbali kutoka kwenye tanki. Na usichukue sampuli siku maji yaliporudi baada ya kukatika, au wiki ambayo barabara imechimbwa. Siku hiyo utapima kutu ya mtaa mzima. Kama mna muda, chukua seti ya pili siku kama hiyo makusudi, maana watoto watakunywa maji ya siku hizo pia, ila usichanganye majibu.

Chupa ziombe maabara. Wana chupa safi za plastiki na wanajua wakati wa kutia asidi ili risasi isigande kwenye kuta zake. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Moshi na nyingine Arusha, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Kabla ya kulipa, uliza swali moja: mashine yenu inaona risasi kuanzia kiwango gani? Jibu lizuri ni mikrogramu 1 au 2 kwa lita. Kama inaanzia 50, basi karatasi itakayoandikwa "haikuonekana" haina thamani kwako, kwa sababu maji yenye mara nne ya kikomo yangepita bila kuonekana. Angalia pia vipimo: 0.01 miligramu kwa lita ni sawa na mikrogramu 10, na nukta moja ikikosewa kusomwa inabadilisha hukumu. Vikaratasi vya kuchovya vinavyouzwa mtandaoni mimi sivitumii kwa kazi hii.

Majibu yakija, yasome kwa mpangilio wa chupa. Robo lita ya kwanza ikiwa juu na nyingine zote chini, tatizo ni koki au kiungio kilicho jirani nayo: badilisha koki, na mmeshamaliza kwa gharama ndogo. Chupa ya ndani au ya uwanjani ikiwa juu kuliko ya kwanza, kuna kipande kimejificha kwenye mstari, na umbali umeshakuonyesha pa kuchimba. Zote zikiwa juu pamoja na ile ya dakika tano, geukia tanki na bomba la kuingia, kisha peleka nakala ya majibu kwa mamlaka ya maji. Zote zikiwa chini ya 10, vizuri, lakini kwa kituo cha watoto mimi ningetaka ziwe chini ya 5.

Kuhusu kuchemsha: hapana. Kuchemsha kunaua wadudu, na endeleeni kuchemsha kwa sababu hiyo. Risasi haichemki ikaondoka. Maji yanapopungua kwa mvuke, iliyobaki inakolea. Dawa ya klorini haiigusi. Chujio la kawaida la mshumaa wa kauri halikamati risasi iliyoyeyuka. Yanayoikamata ni yale yaliyothibitishwa kwa risasi, au mtambo wa utando unaosukuma maji kwa shinikizo. Maji ya moto ya hita yasitumike kupikia uji wala kukorogea maziwa, kwani maji ya moto huyeyusha risasi haraka zaidi. Wakati mnasubiri majibu, acheni maji ya asubuhi yatoke kwanza, ndoo moja au mbili kulingana na urefu wa bomba, na maji hayo msiyamwage: yadekie, mwagilieni maua.

Mkikuta kipande cha risasi, msikubali ushauri wa kubadilisha nusu. Kukata risasi na kuunga shaba mbele yake huanzisha mmomonyoko mahali zinapogusana, na mtikiso wa kukata hulegeza ukoga uliokuwa umeifunika. Maji yanaweza kuwa mabaya zaidi kwa wiki kadhaa baada ya "matengenezo". Ukoga huo si wa kuuchezea: Flint, Marekani, mwaka 2014 walihamia maji ya mto bila kuweka dawa ya kuzuia mmomonyoko, ukoga wa miaka mingi ndani ya mabomba ukaachia, na risasi ikaingia majumbani. Kama fedha haitoshi kubadilisha nyumba nzima, kuna njia ambayo huwa naipendekeza kwa vituo vidogo: achaneni na mstari wa zamani kwa maji ya kunywa. Vuteni mstari mpya mmoja tu, wa plastiki inayokubalika kwa maji ya kunywa, kutoka kwenye mita hadi koki moja ya jikoni, na koki hiyo ipakwe alama. Bomba za zamani zibaki na kazi ya vyoo na kufua. GI iliyokaa miaka mingi baada ya kipande cha risasi nayo iondoke, kwa sababu kutu yake hufyonza risasi na kuiachia polepole hata baada ya chanzo kuondolewa.

Sasa niseme jambo ambalo hukuuliza. Kama ningeambiwa shilingi ya kwanza ya kituo chenu iende wapi, ningeitia kwenye rangi kabla ya bomba. Nyumba ya kabla ya Uhuru ina madirisha, milango na nguzo za baraza zilizopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na za chini huenda zina risasi nyingi kuliko chochote kilicho ndani ya maji yenu. Mtoto wa miaka miwili hailambi valvu iliyo ukutani, lakini kingo ya dirisha ataing'ata. Pale rangi inapobanduka, msipige msasa mkavu. Lowesheni, kwangueni, kusanyeni magamba kwenye karatasi, pigeni deki kwa maji, kisha pakeni rangi mpya juu. Udongo ulio chini ya madirisha, upana wa hatua mbili hivi, ufunikwe kwa majani au zege. Jikoni nako, angalieni sufuria: za kusubu, zinazotengenezwa mtaani kwa aluminiamu chakavu, zimepimwa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, na baadhi zikakutwa zinaachia risasi kwenye chakula kichachu. Uji wa ndimu au ukwaju usipikwe humo.

Na kama mnavuna maji ya mvua, pandeni juu ya paa. Nyumba za zamani zenye bomba la moshi au makutano ya mapaa mara nyingi ziliziba ufa kwa bamba laini la kijivu, na bamba hilo ni risasi tupu. Maji ya mvua ni laini na yana asidi kidogo, yanaikwangua vizuri kuliko maji ya mlimani. Bamba likiwepo, mfereji wa upande huo usiingie kwenye tanki la kunywa.

Usa River ni habari nyingine. Huko, kwenye miamba ya volkano ya Meru, mimi ningeulizia floraidi kabla ya risasi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya upande huo vinazidi. Umeona meno ya kahawia ya waliokulia huko. Nayo haiondoki kwa kuchemsha. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba ya huko, pimeni maji ya chanzo chenyewe, si ya koki tu, na mkikuta yamezidi ulizeni kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mtambo wa utando nao huondoa vyote viwili, risasi na floraidi, ila unamwaga maji mengi na unataka umeme.

Mwisho ni mkataba wa hapo Moshi. Bomba lililo ndani ya ukuta ni la mwenye nyumba, na wewe ndiye utakayeulizwa na wazazi. Mpe mwenye nyumba nakala ya majibu ya maabara, mwandikiane nani analipia mstari mpya na kama gharama itakatwa kwenye kodi, na upate ruhusa yake kwa maandishi kabla fundi hajagusa ukuta. Fundi wako mwachie kazi hiyo, anaijua. Ila sumaku ishike wewe. Mstari ukikamilika, chukueni tena chupa zilezile nne baada ya wiki mbili, na tena baada ya miezi mitatu.